Longwood ya Natchez: kwa nini nyumba hii imekamilika nje na haina kitu ndani

Nje kidogo ya mji wa Natchez, katika jimbo la Mississippi nchini Marekani, kuna nyumba ya matofali ya kuchoma yenye pembe nane iitwayo Longwood. Ina orofa sita, ukianzia orofa ya chini iliyozama nusu ardhini na kuishia kwenye chumba cha kutazamia mandhari kilicho chini ya kuba lenye umbo la kitunguu. Ukiitazama kwa nje ni nyumba ya tajiri asiyekosa kitu: mabaraza ya ghorofa mbili, nguzo nyembamba za mbao, matao yenye nakshi, na paa lililopambwa kila pembe. Ukipita mlango mkuu, unajikuta katikati ya ujenzi. Kuta ni matofali matupu yasiyopigwa lipu, mihimili ya dari inaonekana yote, madirisha mengi yamezibwa kwa mbao, na pembeni yapo makopo ya rangi, zana za useremala na makasha ya kusafirishia vifaa ambayo yamekaa pale tangu mwaka 1861. Ramani ilikuwa na vyumba 32. Vilivyomalizwa ni 9 tu, na vyote viko orofa ya chini.

Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni mafupi: Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, kati ya majimbo ya Kaskazini na yale ya Kusini yaliyojitenga, vilipozuka, mafundi waliotoka Kaskazini walitupa zana zao wakarudi makwao, na mwenye nyumba akafa kabla hajaimaliza. Hayo ni kweli, lakini hayajibu maswali ambayo mtu yeyote aliyewahi kusimamia ujenzi angeuliza. Kwa nini kazi ilikatika hasa hapo ilipokatika, nje ikiwa tayari na ndani bado? Kwa nini orofa ya chini ilimalizwa baada ya mafundi kuondoka, wala si kabla? Nani alibaki akifanya kazi? Majibu yamo katika namna kazi yenyewe ilivyogawanywa baina ya makundi mawili ya watu, na huko ndiko historia ya Longwood inakoanzia.

Pamba iliyolipia nyumba

Mwenye nyumba aliitwa Haller Nutt, aliyezaliwa mwaka 1816 katika wilaya ya Jefferson, kaskazini kidogo ya Natchez. Baba yake, Rush Nutt, alikuwa daktari na mkulima aliyepata sifa kwa mbegu ya pamba iliyojulikana kama Petit Gulf, ambayo ilistahimili ugonjwa wa kuoza na ambayo vitumba vyake vilifunguka kwa namna iliyorahisisha uchumaji. Mbegu hiyo ilienea katika bonde lote la mto Mississippi, na mtoto akarithi mashamba pamoja na elimu ya kuyaendesha. Mwaka 1840 Haller alimwoa Julia Augusta Williams wa Natchez, binti wa familia nyingine ya wenye mashamba.

Ni muhimu kuelewa kwamba nyumba kubwa za Natchez hazikujengwa katikati ya mashamba yaliyozilipia. Natchez imekaa juu ya magenge marefu upande wa mashariki wa mto, mahali penye hewa nzuri na pasipofikwa na mafuriko, ilhali ardhi tambarare yenye rutuba nyingi iko ng'ambo, upande wa Louisiana. Huko ng'ambo, kando ya ziwa St. Joseph katika wilaya ya Tensas, Nutt alikuwa na shamba la Winter Quarters. Alikuwa pia na shamba la Araby na mengine. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba alimiliki zaidi ya ekari 40,000 na watu wapatao 800 waliokuwa watumwa. Kwa hiyo familia iliishi mjini, manyapara wakaishi shambani, na habari zikavuka mto kwa barua na kwa daftari. Daftari mojawapo, la shamba la Araby kuanzia mwaka 1843 hadi 1850, bado lipo katika hifadhi ya Chuo Kikuu cha Duke, na mtafiti anayelisoma hukutana na shamba lililoendeshwa kwa hesabu na kanuni kama kampuni.

Watu hao 800 hawakutoka Afrika moja kwa moja, isipokuwa pengine wazee wachache. Marekani ilipiga marufuku uingizaji wa watumwa kutoka nje kuanzia mwaka 1808, na tangu hapo mashamba mapya ya pamba yalijazwa kwa biashara ya ndani, ambapo watu wapatao milioni moja waling'olewa katika majimbo ya zamani kama Virginia na Maryland na kupelekwa kusini na magharibi, wengine kwa meli, wengine kwa miguu wakiwa wamefungwa minyororo. Natchez ilikuwa na soko lililoitwa Forks of the Road, njia panda iliyo mashariki mwa mji, na katika majimbo ya kusini kabisa ya Marekani ni New Orleans pekee iliyolizidi kwa ukubwa. Mwaka 1860 jimbo la Mississippi lilikuwa na wakazi 791,305, na kati yao 436,631 walikuwa watumwa, yaani zaidi ya nusu. Mwaka huohuo pamba ilileta zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa zote Marekani ilizouza nje. Katika hali hiyo, mtu kama Nutt aliona jumba la ghorofa nyingi kuwa matumizi ya kawaida ya fedha ambazo kila msimu zilirudi tena.

Ramani kutoka Philadelphia

Mchoraji wa nyumba aliitwa Samuel Sloan, msanifu majengo wa Philadelphia aliyeanza maisha akiwa seremala. Kama wasanifu wengi wa wakati wake, Sloan alipata wateja kwa kuchapisha vitabu vya ramani, ambavyo mtu wa mbali angeweza kuvipekua sebuleni kwake na kuchagua nyumba. Katika kitabu alichokitoa mwanzoni mwa muongo wa 1850 kulikuwa na ramani ya nyumba ya pembe nane yenye kuba, iliyonadiwa kuwa ya mtindo wa Mashariki. Nutt aliipenda, akaandikiana na Sloan, na ramani ikakuzwa na kurekebishwa kumfaa. Ndiyo kusema, Longwood haikubuniwa Natchez. Iliagizwa.

Umbo la pembe nane lilikuwa limeshika watu wengi wakati ule, hasa baada ya mwandishi wa Kimarekani Orson Squire Fowler kulipigia debe kuanzia mwaka 1848. Hoja yake ya msingi ilikuwa ya hesabu, na hesabu yenyewe ni sahihi: ukiwa na urefu uleule wa ukuta wa nje, umbo la pembe nane lililo sawa pande zote linazungushia eneo kubwa kuliko mraba kwa takriban asilimia 20. Matofali ni yaleyale, nafasi imeongezeka. Tatizo ambalo waandishi wa aina hiyo hawakupenda kulizungumzia ni kwamba maisha ya watu na samani zao hupenda pembe mraba. Ukiligawa umbo la pembe nane kama mtu akatavyo keki, unabaki na vyumba vyenye pembe kali ambazo hata kabati halikai.

Sloan alilikwepa tatizo hilo kwa akili. Hakuyakata maumbo kutoka katikati. Aliweka ukumbi wa pembe nane katikati ya nyumba, uliopanda wazi kutoka ghorofa kuu hadi juu kwenye kuba, kisha akavizungusha vyumba pembeni mwake, vingine vikijitokeza nje na vingine vikirudi ndani, na mahali palipobaki katikati ya vyumba hivyo akaweka mabaraza. Matokeo yake ni kwamba vyumba vingi vinapata hewa kutoka zaidi ya upande mmoja na vina mlango wa kutokea barazani. Katika mji ambao kiangazi chake ni cha joto na unyevunyevu mzito, jambo hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko kuba.

Hata hivyo kuba nalo lilikuwa na kazi. Hewa ya moto hupanda. Ukumbi wa kati uliachwa wazi ili hewa hiyo ipande na kutokea kwenye madirisha ya juu, na ile iliyo baridi kidogo ivutwe kutoka chini, kwenye orofa iliyozama ardhini. Ukumbi wa katikati wa nyumba nene kama hii hauna dirisha hata moja la kwake, kwa hiyo mwanga pia ulitarajiwa kutoka juu, na mpango ulikuwa kuweka vioo vya kuakisi jua na kulishusha hadi ghorofa za chini. Vioo hivyo havikuwekwa kamwe. Leo mtu akisimama chini ya ukumbi na kuinua macho anaona matofali yakipanda ngazi kwa ngazi hadi kwenye mwanga hafifu wa kuba, na muundo wote unasomeka kuliko ambavyo ungesomeka kama lipu na rangi vingekuwapo.

Kuhusu mtindo wa Mashariki, msomaji wa mwambao wetu atakuwa na haki ya kutabasamu. Magofu ya Msikiti Mkuu wa Kilwa yana makuba, lakini si ya umbo la kitunguu, na hakuna nyumba ya mawe ya Lamu au Unguja inayofanana na hii. Umbo hili lilifika Mississippi kwa njia ndefu. Lilitoka katika majengo ya Mughal, watawala wa Kiislamu wa zamani nchini India, likapita kwenye jumba la kifalme la Brighton nchini Uingereza ambalo John Nash alilibadili kati ya mwaka 1815 na 1822, kisha likatua Bridgeport, Connecticut, ambako mfanyabiashara wa maonyesho P. T. Barnum alijenga mwaka 1848 nyumba yenye makuba ya namna hiyo, ambayo iliungua mwaka 1857. Lilipofika kwa Sloan lilikuwa pambo la kitabuni, lililochanganywa na matao ya Kimoro, yaani ya Waislamu wa Afrika Kaskazini na Hispania, na urembo wa mabano ya Kiitaliano bila mtu kuuliza lina asili gani. Matajiri wengi wa Kusini walijenga nyumba zenye nguzo nene za Kigiriki. Nutt alitaka kitu ambacho jirani hana.

Matofali na walioyafyatua

Magenge ya Natchez ni ya loesi, yaani vumbi laini lililopeperushwa na upepo katika zama za barafu na kurundikana kando ya mto kwa kina kikubwa. Udongo huu husimama wima unapokatwa, lakini ukilowa huporomoka, na ndani yake hamna mawe ya kujengea. Mtu aliyetaka nyumba isiyoungua na isiyooza hakuwa na njia nyingine ila tofali, na matofali hayakuwa bidhaa ya kuagizwa kutoka mbali kwa sababu uzito wake ungemeza gharama yote. Yalifyatuliwa na kuchomwa palepale, kwenye eneo la ujenzi, na kazi hiyo ilifanywa na watumwa.

Ufyatuaji wa wakati ule unafaa kuelezwa kwa undani, kwa maana wageni wengi huitazama nyumba bila kufikiri juu yake. Udongo ulichimbwa, ukalowekwa na kukandwa kwa kinu kilichozungushwa na mnyama au kwa miguu ya watu, hadi usiwe na kokoto wala mabonge. Kisha donge moja lilitupwa kwa nguvu ndani ya fremu ya mbao iliyonyunyiziwa mchanga ili udongo usigande, likasawazishwa juu, likapinduliwa uwanjani na kuachwa likauke. Wabebaji wa fremu mara nyingi walikuwa watoto. Katika majengo mengi ya Kusini, Charleston kwa mfano, bado zinaonekana alama za vidole kwenye matofali, nyingine ndogo mno kuwa za mtu mzima. Aliyeligusa tofali kabla halijakauka aliacha alama ambayo moto uliikausha milele.

Matofali yaliyokauka yalipangwa kuwa tanuri, yaani lundo kubwa lenyewe ndilo lililokuwa tanuri, likiachiwa mahandaki ya kuwekea kuni chini. Moto ulichochewa usiku na mchana kwa siku kadhaa, na aliyeuchochea alipaswa kujua kwa macho, kwa kutazama rangi ya moto na jinsi lundo linavyoshuka, lini aongeze na lini aufunge. Tofali lililokuwa karibu na moto lilitoka gumu na jeusi kiasi; la katikati lilikuwa jekundu na zuri; la mbali lilibaki hafifu na lenye rangi iliyopauka. Fundi aligonganisha matofali mawili: yakilia kwa sauti ya chuma ni ya ukuta wa nje, yakitoa sauti butu yanakwenda ndani, mahali ambapo mvua haitayafikia na lipu itayaficha. Kwa kawaida hakuna anayeyaona tena. Huko Longwood lipu haikufika, na kwa hiyo kuta za ndani zinaonyesha hadharani kile ambacho nyumba nyingine za aina yake zimekificha.

Uashi ulitumia chokaa na mchanga, si saruji ya leo. Chokaa ni laini kuliko tofali, na ulaini huo ni faida: ukuta ukitikisika au ukinyonya unyevu, kinachopasuka ni kiungo, ambacho hurekebishika, wala si tofali. Watu waliorekebisha nyumba za kale kwa saruji ngumu, Marekani na kwetu pia, wamejikuta wakibandua uso wa matofali au mawe yao ndani ya miaka michache, kwa sababu unyevu uliozuiwa kwenye kiungo hutafuta njia kupitia kwenye jiwe lenyewe.

Mgawanyo wa kazi, basi, ulikuwa hivi. Kuchimba msingi, kufyatua na kuchoma matofali, kubeba, kukata miti, kuhudumia mafundi, hayo yalikuwa ya watumwa. Useremala wa kitaalamu, paa, nguzo na nakshi vilikuwa vya mafundi waliotoka Philadelphia, na sehemu kubwa ya vitu hivyo ilichongwa hukohuko Kaskazini na kushushwa kwa meli. Aliyewasimamia ni kijana wa ofisi ya Sloan aitwaye Addison Hutton, aliyetumwa Natchez mwaka 1860 na ambaye baadaye alikuwa mshirika wa Sloan na msanifu mwenye jina. Hutton alikuwa Mkweka, muumini wa dhehebu lililokuwa limeukataa utumwa miongoni mwa waumini wake karibu karne nzima nyuma, na akajikuta akisimamia kazi ambayo kila tofali lake lilitoka mikononi mwa watumwa. Jina lake, la Sloan na la Nutt tunayajua kwa sababu barua zao zilihifadhiwa. Wachoma matofali hawakuandikiana barua na mtu.

Mwaka 1861

Mississippi ilijitenga na Muungano, yaani Marekani chini ya serikali ya Washington, tarehe 9 Januari 1861, na vita vikaanza kwa mizinga iliyopigwa kwenye ngome ya Fort Sumter tarehe 12 Aprili. Kufikia hapo ganda la nyumba lilikuwa limesimama na paa lake limefunikwa. Mpangilio huo wa kazi haukuwa bahati. Katika nchi ya mvua nyingi, matofali yaliyojengwa kwa chokaa hayawezi kuachwa wazi msimu baada ya msimu. Mjenzi mwenye akili hukimbilia paa kwanza, hufunga nje, kisha huingia ndani kufanya kazi za polepole na za gharama: lipu, ngazi, milango, marumaru za mahali pa moto, sakafu za mbao nzuri. Kazi za nje zilitegemea udongo wa Natchez na mikono iliyokuwapo Natchez, pamoja na mafundi waliokuwa wameshafika. Za ndani zilitegemea shehena na mafundi ambao wangeendelea kuja.

Vita vilikata mnyororo huo wa pili peke yake. Mafundi wa Philadelphia waliondoka wakaenda kwao, na Muungano ukaanza kuzifunga bandari za Kusini na baadaye njia ya mto. Mnyororo wa kwanza ulibaki, kwa kuwa watu waliokuwa katika mnyororo huo hawakuwa na ruhusa ya kuondoka. Kwa hiyo Nutt aliamua kuimaliza orofa ya chini kwa mikono hiyo, na mwaka 1862 familia ikahamia katika vyumba vile 9. Hapo ndipo lilipo jibu la swali la orofa ya chini. Mstari unaotenganisha iliyomalizwa na isiyomalizwa ndio mpaka kati ya kazi iliyoweza kufanywa na watumwa waliokuwa na ujuzi na vifaa vya palepale, na kazi iliyohitaji Kaskazini. Wazo lililoenea, kwamba watumwa walifanya kazi za nguvu tu na ufundi ulikuwa wa weupe, linakanushwa na vyumba hivyo: vina lipu, vina milango, vina mahali pa moto, na watu wameishi humo miaka mingi.

Hapa kuna uzi unaofika kwetu, ingawa si kutoka shamba la Nutt hasa. Pamba ya Kusini ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, na kitambaa chake kigumu kisichopaushwa, kile cha merikani, kilishushwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem tangu siku za mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani. Kiwanda cha Naumkeag cha Salem, kilichoanza kazi mwaka 1847, kilikuwa na soko zuri Unguja. Marobota ya merikani yalipanda na misafara hadi Tabora na Ujiji yakiwa yanapimwa kwa mikono na kutumika mahali pa fedha, pamoja na kununulia pembe na watu. Pamba ya Mississippi ilipozuiwa, merikani iliadimika pwani, na vitambaa vya Uingereza na India vikapata nafasi. Kwa maneno mengine, utumwa wa Mississippi na ule wa Tabora vilikuwa vimefungwa kwa kitambaa kimoja, na vita vilivyosimamisha Longwood vilimgusa pia mpagazi aliyekuwa njiani Unyamwezi.

Mtu wa Muungano mwenye watumwa

Sehemu inayowachanganya wasomaji zaidi ni siasa za Nutt. Alipinga kujitenga. Hakuwa peke yake. Matajiri wengi wa Natchez walikuwa na ndugu, mabenki na wanunuzi Kaskazini, na walijua kwamba vita vingewagharimu. Kwa hiyo hadithi imezoea kusimuliwa kama mkasa wa mtu mwaminifu aliyefilisiwa na jeshi aliloliunga mkono. Jenerali wa Muungano Ulysses Grant alipolizunguka jiji la Vicksburg katika majira ya kuchipua ya mwaka 1863, majeshi yake yalipita kando ya ziwa St. Joseph, yakachukua mifugo, nafaka na mbao, na nyumba nyingi za mashamba katika eneo lile zikateketezwa, ingawa ile ya Winter Quarters ilinusurika. Vicksburg ilianguka tarehe 4 Julai, na mwezi huohuo Natchez ikakaliwa na jeshi la Muungano. Nutt alikufa kwa kichomi mwezi Juni 1864, orofani mle chini, akiwa amewaacha Julia na watoto wanane.

Kuupenda Muungano, hata hivyo, hakukuwa kupinga utumwa, na kwa Nutt mambo hayo mawili yalikuwa mbalimbali kabisa: alitaka Muungano ubaki kwa kuwa uliilinda mali yake, na sehemu kubwa ya mali hiyo ilikuwa watu. Tangazo la ukombozi wa watumwa la tarehe 1 Januari 1863 lilihusu Mississippi yote, na wilaya ya Tensas haikuwa miongoni mwa wilaya za Louisiana zilizoachwa nje ya tangazo hilo. Kilichoitwa hasara kubwa katika masimulizi ya familia kilikuwa, kwa mamia ya watu wa mashamba yale, siku ya kwanza ya kujimiliki. Agosti 1863 kikosi cha wanajeshi weusi kiliundwa Natchez, ambacho baadaye kiliitwa kikosi cha 58 cha askari wa miguu weusi wa Marekani. Askari weusi ndio waliovunja vibanda vya soko la Forks of the Road na kuzitumia mbao zake kujengea kambi yao. Ninaona ajabu kwamba katika makala nyingi kuhusu Longwood mkasa wa makopo ya rangi yaliyoachwa hupewa kurasa, na ubomoaji huo, uliofanyika mwendo mfupi tu kutoka pale, hautajwi.

Julia aliishi miaka 33 baada ya mumewe na alikufa mwaka 1897. Sehemu kubwa ya miaka hiyo aliidai serikali ya Marekani fidia ya mali iliyochukuliwa na jeshi, na kwa kuwa fidia ilitolewa kwa watu waliothibitisha uaminifu wao kwa Muungano, familia ililazimika kukusanya mashahidi na hati za msimamo wa Haller. Walilipwa kwa awamu, kiasi kilichokuwa mbali sana na walichodai. Hati hizo za madai zina faida kwetu leo, kwa maana zinaorodhesha mali ya shamba kitu kwa kitu, jambo ambalo familia tajiri kwa kawaida haimwonyeshi mtu. Watumwa waliokombolewa hawakuwa na ofisi yoyote ya kupelekea madai ya miaka waliyofanya kazi bila ujira.

Majirani waliiita nyumba upumbavu wa Nutt. Warithi waliendelea kuishi orofa ya chini hadi karne ya 20, wakiitunza kwa kadiri walivyoweza, na mwaka 1968 wakaiuza kwa taasisi ya McAdams ya Austin, Texas, ambayo mwaka 1970 iliikabidhi kwa Pilgrimage Garden Club, klabu ya wanawake wa Natchez inayoendesha matembezi ya nyumba za kale. Kati ya miaka hiyo miwili, mwezi Desemba 1969, serikali iliitangaza kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Watunzaji hawakuimaliza, na kwa upande wa ufundi walifanya vema: nyumba zilizokamilika za wakati ule zimejaa Natchez, lakini nyumba ambayo mwanafunzi wa ujenzi anaweza kuingia na kuona mpangilio wa kuta, mihimili na njia za hewa kama vilivyoachwa na waashi wa mwaka 1861 ni hii.

Utunzaji wa namna hiyo una ugumu wake. Matofali ya ndani, yaliyochaguliwa kwa sababu yangefunikwa, yamekaa bila lipu zaidi ya miaka 160. Unyevu wa Mississippi unaingia kupitia madirisha yaliyozibwa kwa mbao tu. Nguzo na nakshi za nje ni za mbao, na mbao katika hali ya hewa ile huoza na kuliwa na mchwa zisipopakwa rangi kila mara. Paa na kuba ndivyo vinavyogharimu zaidi, kwa kuwa ukumbi wa kati uko wazi hadi juu, na tone moja linalopita kwenye kuba linashuka ghorofa zote hadi chini.

Tangu mwaka 2021 eneo la Forks of the Road limekuwa sehemu ya hifadhi ya kihistoria ya taifa ya Natchez, chini ya idara ileile ya serikali inayosimamia nyumba nyingine za mji huo. Mgeni anayekwenda Longwood siku hizi anaweza kuanzia kwenye njia panda ile, mahali walipouzwa watu, kisha aende kwenye nyumba na kuzitazama kuta za ndani za ghorofa kuu akijua ni akina nani walioyapanga matofali yale katika tanuri.